Rangi Huja Mwisho

Kanuni za mchezo huu ni chache. Mmoja anafungua picha ya nyoka kwenye simu yake, anataja mahali ilipopigwa na, kama anajua, mwinuko wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Jina anabaki nalo. Wenzake wanapokezana simu, wanaikuza picha kwa vidole viwili, wanairudisha, wanaikuza tena upande wa pili. Kisha kila mmoja anakisia kwa zamu, na anayetaja jina sharti ataje na sababu. Jina lililokuja bila sababu halihesabiwi hata likiwa ndilo. Sababu nzuri iliyoishia kwenye jina lisilo lake hupokewa kwa heshima, maana kosa lililowekwa wazi hurekebishika.

Wachezaji ninaowafahamu hawalipwi kwa kazi hii. Yumo mwalimu mstaafu wa baiolojia, yumo kijana wa bodaboda ambaye barabara za mashambani humletea picha nyingi kuliko mtu yeyote, yumo muuguzi wa zamu za usiku. Swali lao la kwanza ni lilelile kila mara: "Unaona nini?" Nimekaa nao kiasi cha kuamini kwamba wanachokifanya ni ufundi kamili, wenye ngazi zake, adabu yake na uzuri wake, na kwamba unastahili kuelezwa taratibu.

Uwanja wao ni mpana. Dunia ina zaidi ya spishi 4,000 za nyoka, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi kwa pamoja zina zaidi ya 200. Humo wamo nyoka wachimbaji wembamba wasiozidi urefu wa kiganja, yumo chatu anayeweza kufika mita 5, yumo swila wa maji wa Ziwa Tanganyika anayeishi kwa samaki. Yumo hata kifutu mdogo wa Aberdare na Mlima Kenya, Montatheris hindii, anayekaa juu ya mita 2,700 kwenye nyasi za baridi kali ambako watu wengi hawategemei kumkuta nyoka kabisa. Hakuna mchezaji anayewabeba wote kichwani. Anachobeba ni mpangilio wa maswali: lipi liulizwe kwanza, lipi lifuate, na lipi lisipewe uzito mpaka mengine yote yamejibiwa.

Mpangilio huo huonekana vizuri kwenye picha iliyo rahisi kuliko zote kuipata pwani: nyoka wa kijani juu ya mti. Mgeni wa mchezo hukimbilia jibu.

"Mwalimu, huyu ni koboko wa kijani."

"Umemjuaje, mwanangu?"

"Kwa rangi."

"Rangi iweke pembeni kwanza. Nitajie jicho."

Jicho la koboko wa kijani ni dogo ukililinganisha na kichwa, na kichwa chenyewe ni kirefu, chembamba, pande zake zimenyooka. Jicho kubwa mno kwenye kichwa kifupi chenye pua butu linaelekeza kwa nyoka mwingine wa mitini, yule anayejulikana kwa jina la Kiafrikana, bumslangi. Baada ya jicho huja magamba ya mgongoni. Ya bumslangi yana ukingo ulioinuka katikati, kiasi kwamba mwanga wa jua ukija kwa ubavu kila gamba hutupa kivuli chake chembamba. Ya koboko ni laini na hayana kivuli. Lakini ulaini huo haumalizi kesi, kwa kuwa lipo kundi zima la nyoka wa kijani wasio na madhara kwa binadamu, jenasi Philothamnus, wenye magamba laini pia na macho makubwa kiasi.

Hapo mchezaji hushuka kwenye shavu. Kati ya gamba la pua na gamba linaloligusa jicho kwa mbele, Philothamnus ana gamba dogo la ziada. Koboko hana, wala swila. Gamba hilo moja, la milimita chache tu, hutenganisha nyoka anayeweza kuua mtu na nyoka anayewinda mijusi na vyura. Ni alama nzuri, lakini haitoshi kusimama peke yake: bumslangi anayo na sumu yake ni kali, ilhali nyoka wachimbaji wa jenasi Atractaspis hawana na wao pia ni hatari. Ndiyo maana hakuna mchezaji makini anayeamua kwa alama moja. Alama moja hupunguza orodha, ya pili huipunguza tena, na jina ni kile kinachobaki baada ya wengine wote kuondolewa kwa haki.

Mahali napo ni alama, tena nzito. Picha ya koboko wa kijani ikitoka Kilifi au Muheza haina ajabu. Ikitoka Msitu wa Kakamega, hoja inageuka, kwa sababu huko yupo koboko wa Jameson, ambaye katika upande huo wa mashariki wa makazi yake mkia wake ni mweusi. Mchezaji hurudi kwenye picha akautafute mkia. Kama umejificha nyuma ya majani, husema hivyo waziwazi: mkia hauonekani, lakini Kakamega inaonekana.

Na rangi? Rangi ndiyo inayolivuta jicho kwanza na ndiyo inayodanganya mara nyingi. Bumslangi dume kwa kawaida huwa kijani, jike huwa kahawia, na makinda huwa ya kijivu yenye jicho kubwa la kijani linalong'aa. Ukifuata rangi utamgawa nyoka mmoja kuwa watatu. Kifutu mwenye pembe wa milima ya Usambara, Atheris ceratophora, anaweza kuwa wa manjano, wa kahawia au karibu mweusi. Koboko mweusi mwenyewe ana mwili wa kijivu au wa rangi ya zeituni. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hufifia mwili mzima na macho yake huwa na utando wa samawati. Ongeza juu ya hayo kamera ya simu, ambayo jioni huongeza wekundu na kivulini huongeza ubuluu. Wachezaji hawaipuuzi rangi. Wanaiweka mwisho, pale inapoweza kuthibitisha kile ambacho umbo limekwisha kusema, isiweze kukianzisha.

Ngazi ya pili ya ufundi ni kuwatambua waigaji. Kaskazini mwa Kenya yupo kifutu mdogo wa nchi kame, wa jenasi Echis, ambaye akitishwa hujikunja mikunjo na kusugua ubavu kwa ubavu. Magamba ya ubavuni mwake yamekaa mshazari na yana meno madogo, kwa hiyo msuguano huo hutoa sauti kali ya kukwaruza. Yupo nyoka mwingine anayefanya vivyo hivyo, kwa mikunjo ileile, kwa aina ileile ya magamba na kwa mabaka yanayokaribiana: nyoka mla-mayai, Dasypeltis. Huyu hana sumu, na meno yake ni hafifu sana. Humeza yai zima, kisha miiba ya uti wa mgongo inayochomoza ndani ya koo hulipasua, ute na kiini hushuka, na ganda lililobonyezwa hutemwa. Maonyesho yake yote ya ukali ni ulinzi wa mnyama asiye na silaha.

Picha ya hao wawili hupima uvumilivu. Watu wengi wamefundishwa kwamba mboni iliyosimama wima ni dalili ya sumu. Hapa mboni zote mbili zimesimama wima. Chatu anayo ya wima na hana sumu. Koboko na swila wana mboni za duara, nao ndio wa kukimbiwa. Kanuni ya mboni ikishaondolewa mezani, mchezaji huangalia utosi. Kichwa cha Echis ni kipana, kimejitenga na shingo, na juu yake kuna magamba madogomadogo mengi. Kichwa cha mla-mayai ni chembamba, kimeviringika, hakiachani sana na shingo, na juu yake kuna ngao chache kubwa zilizopangwa kwa ulinganifu. Inabidi picha iwe imepigwa kwa juu ili hilo lionekane. Kama imepigwa kwa ubavu tu, ubora wa mchezaji hupimwa kwa kile anachokiacha bila kukisema.

Kuna nyoka ambaye mboni yake peke yake hukaribia kutosha. Waswahili husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu anaugeuza msemo, kwa kuwa ni nyoka ambaye hata asiyewahi kuumwa humwona akamdhania unyasi. Ni Thelotornis, nyoka wa vijiti: mwembamba, wa kijivu na kahawia, aliyenyooka angani bila kutikisika kati ya matawi makavu. Mboni yake imelala kwa mlalo, umbo la tundu la ufunguo, na mbele ya macho pua yake ina mfereji unaomwezesha kutazama moja kwa moja mbele kwa macho yote mawili. Katika Afrika Mashariki, mwenye mboni ya namna hiyo ni yeye. Picha yake ikija, kazi ngumu huwa ni kumwona kwanza. Nimewahi kushuhudia simu ikizunguka meza nzima, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ametumiwa picha ya kichaka kitupu, mpaka muuguzi alipoikuza kona ya juu na kusema, "Tawi hili lina magamba."

Baada ya jenasi kujulikana huanza mjadala wa spishi, na hapo kichwa huchunguzwa upya: utosi ni wa kijani mtupu au una madoadoa meusi, na shavu lina nini. Mwaka 2001 mtaalamu wa nyoka Donald Broadley alimtenga nyoka wa vijiti wa Usambara kuwa spishi yake, Thelotornis usambaricus. Kwa hiyo picha ya zamani iliyokuwa na jina moja inaweza leo kustahili jina jingine, na wachezaji huzirudia picha zao za miaka ya nyuma kwa hamu ileile ya picha mpya.

Ufundi huu una historia nzito nyuma yake, na kila mchezaji angepaswa kuijua. Tarehe 25 Septemba 1957, katika jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago, Karl Patterson Schmidt aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ya Lincoln Park ili amtambue. Schmidt alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa nyoka wa zama zake. Kichwa kilikuwa cha bumslangi, magamba yalikuwa na ukingo wa bumslangi, lakini gamba la kinyeo, ambalo kwa bumslangi hugawanyika vipande viwili, kwa nyoka huyu lilikuwa zima. Gamba hilo moja lilileta shaka. Schmidt alimshika nyoka ili amwangalie vizuri, akaumwa kwenye kidole gumba. Aliandika mwenyewe dalili zake saa kwa saa, na siku iliyofuata akafariki. Nyoka alikuwa bumslangi kweli, mwenye kasoro ya maumbile katika gamba moja.

Kisa hicho kinafundisha mambo mawili ambayo mchezo wa picha unayashika kwa nguvu. La kwanza ni kwamba mnyama mmoja mmoja hutofautiana na kitabu, na ushahidi hupimwa kwa jumla yake. Alama moja ikipingana na tano, shaka huwekwa kwenye ile moja mpaka ithibitike. La pili ni umbali. Picha huruhusu jicho kukaribia mpaka kwenye gamba la shavu wakati mkono uko mita nyingi nyuma. Wachezaji wazuri hukataa hata kuitazama picha inayoonekana kupigwa kwa kumsogelea nyoka mno, na wanasema sababu mbele ya mpigaji ili asirudie. Aliyeumwa naye hana wakati wa mchezo: huenda hospitali mara moja akiwa ametulia kadiri awezavyo, na hakuna anayepaswa kumfukuza nyoka ili apate picha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba sumu ya nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi wao ni watu wa vijijini walio mbali na dawa.

Raha kubwa ya mchezo ni siku anapotokea nyoka ambaye hakuna aliyetegemea kumwona. Kijana wa bodaboda alileta mmoja wa namna hiyo, aliyepigwa picha usiku akivuka njia ya vumbi kwenye nyanda za chini za pwani. Mwili mweusi wa kijivu, kichwa bapa, jicho dogo. Orodha ilikuwa ndefu. Mmoja alisema swila, lakini kichwa kilikuwa bapa mno. Mwingine alitaja nyoka wa jenasi Lycophidion, wenye vichwa bapa pia, lakini hao kila gamba lao huwa na vinukta vyeupe, na hapa havikuwepo. Mwalimu alinyamaza muda mrefu kisha akauliza swali moja: mgongo una umbo gani?

Wakaangalia kivuli chake chini. Mwili haukuwa wa duara. Ulikuwa na pande tatu, kama tupa ya pembetatu ambayo mafundi hunolea msumeno. Kwenye kilele cha mgongo ulipita mstari wa magamba makubwa kuliko mengine, ya rangi iliyopauka, kila moja likiwa na kingo mbili. Ubavuni magamba yalikuwa yameachana, ngozi ya waridi ikionekana katikati. Ni Limaformosa capensis, nyoka wa usiku, mpole kiasi kwamba hata akishikwa huwa haumi, na chakula chake kikuu ni nyoka wengine, wakiwemo wenye sumu kali, ambayo haimdhuru. Alikuwepo maisha yote katika eneo ambalo wote waliokaa pale walidhani wanalijua. Kuanzia swali la mgongo hadi jina, hoja ilikwenda hatua kwa hatua bila kuruka, na ndani ya hatua hizo ndimo uzuri wa ufundi huu ulimo.

Pembe nazo hufundisha. Mtu akisema "kifutu mwenye pembe", wachezaji humuuliza: pembe ziko wapi, na mlima gani? Zikiwa juu ya pua, tena kubwa, kwenye nyoka mnene wa misitu yenye unyevu ya magharibi, mawazo huenda kwa Bitis nasicornis. Zikiwa juu ya macho, kwenye nyoka wa ardhini wa Bonde la Ufa nchini Kenya, upande wa Naivasha na Elmenteita juu ya mita 1,500, yupo Bitis worthingtoni, ambaye haishi nchi nyingine yoyote duniani. Zikiwa juu ya macho kwa nyoka mwembamba aliyejizungusha tawini katika milima ya Tanzania, ni Atheris ceratophora wa Usambara, Uluguru na Udzungwa, au ndugu yake wa Nyanda za Juu Kusini, Atheris matildae.

Huyo wa mwisho amewaongezea wachezaji adabu mpya. Alipoelezwa kisayansi mwaka 2011 na Michele Menegon, Tim Davenport na Kim Howell, mahali kamili anapoishi palifichwa, kwa hofu kwamba wafanyabiashara wa wanyama wangekwenda kuwakusanya mpaka waishe. Kwa nyoka anayeishi kwenye kipande kimoja cha msitu, hofu hiyo ni ya kweli kabisa. Kwa hiyo picha ya nyoka adimu ikipita mezani, hutajwa safu ya milima tu, na mwenye picha hukumbushwa kwamba simu nyingi huandika mahali ndani ya faili lenyewe na kwamba maandishi hayo hufutika. Kujua na kutangaza ni mambo mawili, na fundi mzuri huyatenga.

Ipo pia adabu ya kusimama. Picha inayowashinda wengi ni ya nyoka mdogo, mweusi, anayeng'aa, asiye na mabaka, aliyekutwa baada ya mvua kwenye uwanja wa nyumba. Anaweza kuwa mmoja wa nyoka wachimbaji wasio na madhara makubwa, na anaweza kuwa Atractaspis, ambaye meno yake ya sumu hutoka kwa ubavu wa kinywa hata kinywa kikiwa kimefungwa, akachoma kwa nyuma. Hakuna namna salama ya kumshika kichwa. Zipo dalili: jicho dogo mno, mkia mfupi wenye ncha kali, na tabia ya kuikunja shingo huku pua ikielekezwa ardhini. Picha ikizionyesha, vema. Isipozionyesha, mwalimu huweka simu mezani na kusema, "Ushahidi wetu unaishia kwenye kundi. Jina la spishi hatunalo." Nimewaona vijana wakivunjika moyo kwa jibu hilo, na baada ya muda nimewaona wakilitoa wao wenyewe, kwa sauti thabiti. Ni jibu gumu kuliko jina lolote, kwa kuwa linahitaji mtu ajue picha ina uwezo gani na mwisho wake uko wapi.

Shaka ikitunzwa vizuri huzaa. Kwa miaka mingi swila mkubwa wa kahawia anayetema sumu, wa pwani na nyanda kavu za Kenya, alihesabiwa kuwa rangi tu ya swila mwenye shingo nyeusi. James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, alikuwa miongoni mwa waliosema mapema kwamba huyu ni nyoka mwingine. Mwaka 2007, baada ya Ashe kufariki, Wolfgang Wüster na Donald Broadley walimweleza kama spishi mpya na kumpa jina la Naja ashei. Anaweza kufika karibu mita 2.7, na ni miongoni mwa swila wakubwa kuliko wote duniani wanaotema sumu. Alikuwa akionekana mashambani siku zote. Kilichochelewa ni mtu wa kumtazama kwa muda wa kutosha mpaka akatae kwamba rangi ndiyo maelezo yote.

Ngazi ya juu kabisa ya mchezo haina nyoka ndani yake. Ni picha ya gamba lililovuliwa, lililokutwa kwenye kuta za mawe au chini ya paa la makuti. Halina mwendo, halina tabia, na rangi limeipoteza karibu yote. Kwa mgeni ni kitu kitupu. Kwa fundi ni hati kamili, kwa sababu lina hata vile ambavyo picha ya nyoka hai huvificha. Ngao za kichwa zimo, na mara nyingi hata kifuniko angavu cha jicho kimo, kwa hiyo ukubwa wa jicho hupimika. Gamba la kinyeo linaonekana, zima au lililogawanyika. Magamba ya chini ya mkia yanaonekana, ya safu moja au mbili. Na mistari ya magamba katikati ya mwili huweza kuhesabiwa kwa mshazari, kutoka ukingo wa tumbo hadi ukingo wa pili: 15 kwa Philothamnus wengi, 17 hadi 21 kwa koboko wa kijani, zaidi ya 70 kwa chatu. Urefu wake tu ndio usioaminika, kwa kuwa ngozi hunyumbuka wakati wa kuvuliwa. Wachezaji huchukua muda mrefu kwenye picha za namna hii, wakihesabu kwa ncha ya kalamu juu ya kioo cha simu, wakianza upya wanapopotea. Wanapolipata jina, wamelipata bila kusaidiwa na rangi hata kidogo.

Katika sehemu nyingi za nchi zetu nyoka huuawa kabla ya swali lolote kuulizwa, na mla-mayai hulipa deni la kifutu, na Philothamnus hulipa deni la koboko. Ufundi huu humpa kila mnyama kesi yake mwenyewe. Humwangalia usoni, huhesabu alichonacho, humweka mahali pake, na humhukumu kwa mwili wake badala ya hofu yetu. Naona hilo ni jambo la haki, na naliheshimu kwa moyo wote.

Anayetaka kuanza aanze na nyoka wa mtaani kwake. Apate picha za wale wanaoonekana kila msimu wa mvua, azipige kwa mbali au azipokee kwa wengine, na kwa kila moja aandike sababu kabla ya jina: jicho, utosi, shavu, magamba ya mgongo, mkia, mahali, kisha rangi. Arudie mpaka vichwa vyao viwe vinamjia bila kufungua kitabu. Kazi hiyo haina msisimko, na wengi huiruka ili wakimbilie vifutu wenye pembe. Lakini mwalimu alipouliza umbo la mgongo siku ile, aliuliza kwa sababu migongo ya nyoka wa kawaida wa pwani anaijua yote, na huu haukuwa mmoja wao. Nyoka adimu hutambuliwa na yule aliyewajua wa kawaida mpaka mwisho.